Maji Yakishatoka Shambani: Mwongozo Kamili wa Kufufua Bustani Baada ya Mafuriko

Kati ya vuli ya 2023 na masika ya 2024, wakulima wa mboga na matunda wa Afrika Mashariki walipigwa mara mbili mfululizo. Mvua za El Niño zilianza Oktoba. Desemba 3, matope yakaporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh. Aprili, bonde la Rufiji likageuka ziwa. Mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikaikuta ardhi imeshiba maji, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika. Kenya nayo ilifurika kuanzia Machi hadi Mei. Mwenye nyanya bondeni alizipoteza kwa maji. Mwenye nyanya mlimani, ambako maji hayakufika, ziliweza kumwozea kwenye matenga kwa kukosa njia ya lori.

Mwongozo huu ni wa mafuriko. Ukame na mvua ya mawe vina taratibu zake, navyo nitavipitia siku nyingine. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sehemu kubwa ya hasara huja wiki mbili baada ya maji kutoka, pale mkulima anapotaka kuokoa kila mche kwa mpigo mmoja, akanunua dawa kwa mkopo, akakanyaga udongo ungali tope. Anayejua cha kuacha ndiye anayebaki na mtaji wa kuanzia tena.

Kwa nini mmea hunyauka umesimama ndani ya maji

Mizizi hupumua. Udongo wa kawaida una vijitundu vyenye hewa. Maji yakivijaza, oksijeni huisha haraka, na jua likiwa kali huisha haraka zaidi kwa sababu maji ya moto hushika hewa kidogo. Mizizi ikikosa pumzi hushindwa kuvuta maji, ndiyo maana nyanya zilizofurikwa huinamisha majani kama zina kiu. Wapo wanaoziona hivyo wakazimwagilia. Wanazimalizia.

Mazao hayavumilii sawa. Mpapai haujui kuogelea kabisa: siku mbili hadi nne kwenye maji yaliyotuama zinatosha kuuua. Mparachichi huweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa, kisha ukaanza kukauka kuanzia ncha za matawi, kwa kuwa maji yameamsha ugonjwa wa kuoza mizizi, Phytophthora. Nyanya, pilipili hoho na vitunguu huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Biringanya ni ngumu zaidi ya nyanya ingawa ni ndugu. Migomba huhimili maji yanayotembea kuliko yaliyolala. Mwembe na mpera huvumilia vizuri, na magimbi yako nyumbani kabisa.

Hatua ya kwanza: usiingie shambani bado

Kagua ukiwa pembeni. Angalia nyaya za umeme zilizoanguka, kingo za mto zilizolegea, na choo cha jirani kilichobomoka kuelekea kwako. Nyoka hujisogeza kwenye matuta makavu na kwenye marundo ya takataka. Huko Rufiji na Kilombero kuna viboko na mamba pia, na hilo wenyeji hawahitaji kuambiwa. Ukilazimika kuingia, vaa gambuti, na usiingie ukiwa na kidonda wazi mguuni.

Ukiwa hapo pembeni, piga picha: kila pembe ya shamba, alama ya juu maji yalipofika, pampu, mipira ya matone, stoo ya pembejeo. Andika tarehe na ukubwa wa eneo kwa kila zao. Picha za siku ya kwanza zina uzito kwa mtendaji wa kijiji, kwa SACCOS na kwa kampuni ya bima kuliko maelezo marefu ya mwezi ujao.

Sababu nyingine ya kutoingia ni udongo wenyewe. Udongo uliojaa maji ukikanyagwa hushindiliwa, ukikauka unakuwa sakafu. Chukua konzi moja kutoka kina cha kiganja, ufinyange. Ukifanya mpira unaong'aa na ukigusa hauvunjiki, subiri. Ukimeguka vipande vipande, ingia na jembe. Kwa mfinyanzi mweusi wa bondeni subira hiyo huweza kuwa ya wiki mbili au zaidi. Kwa kichanga ni siku chache.

Hatua ya pili: yatoe maji, ukianzia chini

Hii ndiyo kazi pekee ya haraka kwelikweli. Tafuta sehemu ya chini kabisa ya shamba ambako maji yanaweza kutokea, uanze kuchimba mfereji kutoka hapo kupanda juu. Ukianzia juu unahamisha tu bwawa kutoka tuta moja kwenda jingine. Ukisimama kwenye ukingo na jembe la mpini mrefu unaweza kufungua mfereji bila kukanyaga matuta.

Kubalianeni na jirani wa chini kabla ya kufungua. Ugomvi wa maji hudumu kuliko msimu, na mara nyingi mfereji mmoja wa pamoja unaopita mpakani huchimbwa kwa nusu siku watu wakiwa wengi.

Kwenye miti ya matunda, fungua kijimfereji kutoka shinani na uondoe tope lililoegemea shina. Tope likibaki juu ya maungio ya mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, gome huoza kimyakimya. Miti iliyolala ambayo nusu ya mizizi yake bado iko ardhini inaweza kusimamishwa ndani ya siku chache: funika mizizi iliyo wazi kwa magunia yenye unyevu, inua taratibu, weka nguzo, punguza matawi.

Hatua ya tatu: pima nani apone, nani aondoke

Subiri siku tatu hadi tano baada ya maji kutoka, halafu pita mstari kwa mstari. Ng'oa miche michache kutoka sehemu tofauti za shamba, uangalie mizizi. Ikiwa myeupe na migumu, kuna tumaini. Ikiwa ya kahawia, na ukiivuta ganda la nje linachomoka likaacha uzi mwembamba katikati, imeoza. Kwa miti, kwaruza gome kwa kucha. Kijani chini yake ni uhai.

Kwenye nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kata shina la mmea ulionyauka karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Dakika chache baadaye, ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka mahali ulipokata, huo ni mnyauko bakteria. Maji ya mafuriko husafirisha bakteria hawa kutoka shamba la juu hadi lako, na hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Utauziwa nyingi dukani; hifadhi fedha yako. Ng'oa mimea hiyo pamoja na mizizi, ichome au ifukie mbali na mfereji, na osha jembe na panga kwa mchanganyiko wa jiki kipimo kimoja na maji vipimo tisa.

Uamuzi unategemea pia umri wa zao. Nyanya zilizokuwa zimebakiza wiki mbili kuvunwa zinastahili kupiganiwa hata zikiwa dhaifu, kwa sababu gharama kubwa umeshaitoa. Nyanya za wiki tatu tangu kupandikizwa, zenye mizizi iliyooza kwa nusu, ng'oa. Zitaishi, ndiyo, zitakula mbolea na dawa kwa miezi miwili, kisha zitakupa matunda ya ukubwa wa ndimu. Hapa ndipo wakulima wengi hushindwa kujikaza, nami nawaelewa, maana mche ulioupanda kwa mkono wako ungali na kijani.

Hatua ya nne: kilicholowa, kiuzwe au kitupwe?

Maji ya mafuriko si maji ya mvua. Yamepita chooni, zizini, gereji na kwenye stoo za viuatilifu. Mchicha, kabichi, saladi, nyanya na matango yaliyoguswa na maji hayo yasiende sokoni, hata yakioshwa yakang'aa. Kipindupindu kinapenda misimu hii hii, na tenga moja la saladi linatosha kukipeleka mjini. Usilishe mifugo pia. Fukia.

Matunda yaliyoning'inia juu ya alama ya maji hayana shida: maembe, maparachichi, machungwa. Nyanya za kijani zilizokomaa, ambazo ziko juu ya alama hiyo, zichumwe upesi na kuivishwa kivulini kabla ukungu haujazifikia. Vitunguu vilivyoloweshwa na mvua tu, bila kufunikwa na maji ya mto, ving'olewe, vianikwe kivulini penye upepo siku 10 hadi 14, kisha uchambue kimoja kimoja. Chenye shingo laini hakihifadhiki, na kimoja kikioza kinaita jirani zake.

Zao jipya la majani katika udongo huo nalo linahitaji subira. Wakulima wa mboga za majani wa California, kwenye makubaliano yao ya usalama wa chakula, huacha siku 60 baada ya mafuriko kabla ya kupanda tena. Wengi wetu hatuna uwezo wa kukaa siku 60 bila kitu ardhini. Basi walau geuza udongo jua liupige, anza na mboga zinazopikwa, na saladi, giligilani na kila kinacholiwa kibichi vikae mbali na eneo hilo hadi msimu unaofuata.

Hatua ya tano: wauguze waliobaki

Majani yaliyopakwa tope hayapati mwanga. Yaoshe kwa maji safi ya kisima, asubuhi, ili yakauke kabla ya jioni. Ondoa majani yaliyogusa ardhi na yale yaliyooza. Udongo ukianza kukauka hufanya gamba juu. Livunje kwa palizi nyepesi isiyozidi sentimita mbili tatu, hewa iingie.

Usimwage mbolea siku hiyo. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuila, na chumvi ya mbolea huichoma zaidi. Subiri uone jani jipya, kwa kawaida baada ya wiki moja. Wakati huo unaweza kunyunyizia majani urea gramu 100 kwenye bomba la lita 20, jua likiwa limepoa. Mmea ukishika, rudisha naitrojeni ardhini kidogo kidogo, kwa mbolea ya CAN ikiwezekana. Naitrojeni uliyokuwa umeweka kabla ya mafuriko haipo tena: nyingine imezama chini ya mizizi, nyingine imegeuka gesi. Ndiyo sababu shamba zima hugeuka la njano.

Kwa ukungu, hesabu kwamba umeshafika. Baka jani chelewa la nyanya na viazi hupenda ubaridi na majani yenye unyevu, nalo huweza kumaliza ekari ndani ya wiki. Dawa za kukinga, kama zenye mankozebu, hupuliziwa kabla ya madoa kuonekana; madoa yakishaonekana tumia zinazopenya ndani ya mmea, na ubadilishe aina ili ugonjwa usizizoee. Fuata kipimo cha lebo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupuliza, umepuliza mfereji.

Mparachichi ulioanza kupoteza majani upakwe chokaa kwenye shina na matawi makubwa, kwa sababu gome lisilozoea jua huungua. Usiukate sana. Weka matandazo mapana chini yake, yasiguse shina. Migomba iliyoanguka ikatwe, uache chipukizi moja au mawili yenye nguvu kwa kila shina, na panga ioshwe kwa jiki kila unapohama kutoka shina hadi shina. Mnyauko wa migomba husafiri kwenye makali ya panga.

Hatua ya sita: pima tope, kisha udongo

Chomeka kijiti sehemu nyingi uone tope lililoletwa lina unene gani. Chini ya sentimita 5, lichanganye na udongo wako kwa jembe la kawaida. Kati ya sentimita 5 na 20, lima kwa kina ili udongo wa zamani upande juu uchanganyike. Zaidi ya hapo jembe la mkono haliwezi: ama unaliondoa, ama unapanda juu yake kama shamba jipya.

Aina ya tope ni muhimu kuliko unene. Lisugue kati ya vidole. Laini kama unga ni neema. Ndilo lililoifanya Rufiji iwe Rufiji. Mchanga unaokwaruza hauna chakula wala haushiki maji, na mawe, kama yale yaliyofunika mashamba ya Kalehe, Kivu Kusini huko Kongo, Mei 2023, ni kuhama shamba. Mwenye mchanga mwingi afikirie matikiti maji na mihogo kabla ya kabichi.

Kwa wa pwani walioingiliwa na bahari: tatizo ni chumvi. Mwagilia maji mengi yasiyo na chumvi shamba likiwa na njia ya kuyatoa, na ukipata jasi iweke kabla ya kumwagilia. Bila mfereji wa kutolea, unazungusha chumvi mahali pale pale.

Kisha peleka sampuli maabara. Chukua udongo wa sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 au zaidi, uuchanganye kwenye ndoo ya plastiki, ubakize nusu kilo. Tanzania kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano huko Tanga na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro. Kenya kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kabete.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Ardhini kuna kuvu wanaoishi na mizizi na kuisaidia kufikia fosforasi. Mafuriko marefu huwapunguza, na zao linalowategemea huweza kukosa fosforasi hata kama imo udongoni. Kitunguu huwategemea sana kwa kuwa mizizi yake ni michache na haina vinyweleo vya kutosha. Mahindi pia, ndiyo maana utayaona na majani ya zambarau. Jamii ya kabichi haiwahitaji, na spinachi vilevile. Kwa hiyo, ukilazimika kurudisha vitunguu mara moja, weka mbolea ya fosforasi, DAP au TSP, karibu na mizizi, pamoja na samadi iliyooza vizuri, ndoo ya lita 20 kwa kila mita 5 za mraba. Ukiweza kusubiri, tanguliza kunde. Huwafuga upya kuvu hao na kuongeza naitrojeni.

Hatua ya saba: zao la kwanza

Unahitaji fedha ya haraka, na soko halina mboga. Mchicha hutoka wiki ya tatu hadi ya nne. Majani ya kunde nayo hivyo hivyo. Matembele hupandwa kwa vipande vya marando, bila kununua mbegu, na baada ya mwezi au mwezi na nusu unachuma. Sukuma wiki huchukua muda zaidi lakini huchumwa kwa miezi. Yote haya hupikwa, jambo linalopunguza wasiwasi niliousema juu.

Nyanya je? Kila aliyefurikwa anawaza nyanya, na wote watapanda wiki moja. Miezi mitatu baadaye gulio litajaa, na dalali atataja bei ya kutia aibu. Panda robo ya eneo kwanza, robo nyingine wiki tatu baadaye. Mahali palipokuwa na mnyauko bakteria pasirudi nyanya, pilipili, biringanya, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Bakteria hao hukaa ardhini muda mrefu.

Kitalu kiwe juu. Meza ya mianzi yenye trei inatosha, na udongo wake utoke eneo ambalo maji hayakufika. Ukitumia udongo wa bondeni, kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kitaluni, kitakata miche shingoni kabla haijafika jani la tatu. Mwagilia asubuhi tu, na usibane mbegu.

Hatua ya nane: fedha

Nenda kwa mkopeshaji kabla tarehe ya rejesho haijapita. VICOBA, SACCOS au duka la pembejeo, wote husikiliza zaidi aliyekuja mwenyewe na picha na daftari kuliko aliyezima simu. Omba muda, usiombe mkopo mwingine juu ya ule. Taarifa ya hasara ifike kwa mtendaji wa kijiji au, kwa Kenya, kwa chifu na afisa wa kilimo wa wodi, kwa maandishi na nakala ubaki nayo. Mbegu za msaada zikija, hugawiwa kwa orodha.

Hatua ya tisa: kabla ya mvua nyingine

Chora shamba lako kwa alama ya maji uliyoipiga picha. Juu ya alama: mapapai, maparachichi, kitalu, stoo. Katikati: mboga kwenye matuta yenye kimo cha sentimita 30, upana wa mita moja, na mifereji inayofika kwenye mfereji mkuu. Chini: magimbi, migomba, majani ya mifugo. Kwenye miteremko, fanya juu kama za Machakos (mifereji ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta) na mistari ya matete au nyasi za vetiva hupunguza kasi ya maji kabla hayajafika kwako.

Anayelima ukingoni mwa mto kabisa anajua kwamba sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Wengi tunaichukulia kama usumbufu wa mabwana shamba. Ukilinganisha mita hizo na alama ya maji ya 2024, utaona mara nyingi mto ulizidai zote.

Nyanya zinaweza kubebeshwa juu ya mche wa aina ya biringanya inayostahimili mnyauko bakteria. Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho kina ofisi Arusha, kimekuwa kikifundisha mbinu hii kwa ajili ya maeneo yanayojaa maji na yenye mnyauko bakteria. Mche ni ghali zaidi, hivyo uweke kwenye sehemu ya shamba inayotuamisha maji tu, si kote.

Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) au wa Idara ya Hali ya Hewa Kenya kabla ya kila masika na vuli, na uupange kwa vitendo: ukisikia mvua za juu ya wastani, safisha mifereji, sogeza tarehe ya kupandikiza ili zao lisiwe changa mvua zikikolea, hamisha pampu kutoka mtoni, na weka akiba ya mbegu ya robo ekari kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ndani ya nyumba, juu ya dari.